Shirika likibadilisha jina kwenye intaneti, lisiwatupe watu wenye anwani ya zamani

Kisangani – Maoni

Katika mji wa Kisangani mashirika yanabadilisha majina kila mara. Chama kidogo cha akina mama kinapata karatasi za serikali na kuwa ASBL. Mradi mmoja unaisha, mwingine unaanza. Ofisi zilizoandikwa Province Orientale zilibidi ziandikwe Tshopo baada ya jimbo lile kubwa kugawanywa katika majimbo manne mwaka 2015. Na jina likibadilika, kinabadilika pia kile kinachofuata alama ya @ kwenye barua pepe, na kile ambacho watu wanaandika kwenye simu ili kufungua saiti ya shirika. Mafundi wanakiita jina la domeni.

Mara nyingi kazi hiyo inaachiwa kijana mmoja wa informatiki. Anaambiwa: funga ya zamani, fungua mpya, tunataka iwe tayari Jumatatu. Jumatatu inafika, saiti mpya inapendeza, wafanyakazi wanapata barua pepe mpya, na wakubwa wanafurahi. Hakuna anayeuliza ni nani huko nje bado anashika anwani ya zamani mkononi. Kosa linaanzia hapo, kwa sababu kuhamisha jina la domeni ni jambo la ahadi ambayo shirika liliwapa watu, na fundi peke yake hawezi kuibeba ahadi hiyo.

Wenye kushika anwani hizo Kisangani ni pamoja na familia zilizokimbia. Tangu Februari 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola yaliwafanya watu wengi wa upande wa Lubunga waache nyumba na mashamba na kuvuka mto kuja ng'ambo hii. Mtu anayekimbia anabeba kidogo: mtoto, sufuria, karte ya mchaguzi. Baadaye, kambini au kwa ndugu waliompokea, anaongeza karatasi za mashirika: jetoni, fishi ya kuandikishwa, na kile kikaratasi chenye namba ya simu na barua pepe ya kupeleka malalamiko. Shirika linaweza kubadilisha saiti usiku mmoja. Kikaratasi kilichofungwa ndani ya plastiki chini ya mkeka kinabaki na anwani ileile miaka miwili, mitatu.

Na anwani hiyo ya malalamiko ina kazi nzito. Ndiyo njia ya mama anayeombwa franga ili jina lake liingie kwenye liste. Ndiyo njia ya msichana ambaye mgawaji wa misaada anamtaka mwili kabla ya kumpa anachostahili. Mara nyingi mama huyo haandiki mwenyewe. Anaandika mtoto wake aliyesoma, au mwalimu, au prezidenti wa kambi, kwa mega alizonunua kwa taabu. Ujumbe ukienda kwenye anwani iliyokufa, unarudi na maneno ya Kiingereza yanayosema haukufika. Wengi wataelewa kwamba shirika limekataa kuwasikiliza. Hawataandika tena.

Lakini kuna hatari mbaya kuliko ujumbe kurudi, nayo ni ujumbe kufika kwa mtu mwingine.

Jina la domeni halinunuliwi milele. Linakodishwa, kwa kawaida mwaka kwa mwaka, kama nyumba. Jina linaloishia na .com au .org linagharimu kati ya dola 10 na 20 hivi kwa mwaka. Kodi isipolipwa, kampuni iliyoliuza inaweza kumpa mwenyewe siku chache za huruma. Kisha unakuja muda wa siku 30 ambapo bado anaweza kulikomboa kwa bei ya juu zaidi. Baada ya hapo jina linasubiri siku 5, halafu linaachiliwa, na mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Wako watu wenye programu zinazovizia majina kama hayo saa zote.

Atakayelichukua atakuwa mpangaji halali, bila kuvunja mlango wowote. Akifungua barua pepe kwenye jina hilo, kila ujumbe unaotumwa kwenye anwani ya zamani unamfikia yeye: malalamiko, liste za familia, namba za simu, majina ya watoto. Anaweza kwenda kwenye ukurasa wa Facebook wa shirika, akabonyeza kwamba amesahau neno la siri, na kiungo cha kuweka neno jipya kikamfikia yeye kama ukurasa ulifunguliwa kwa barua pepe ya zamani. Kesho yake ukurasa ambao watu wanauamini unatangaza kwamba kuna misaada mipya, na anayetaka kuandikishwa atume kwanza pesa kidogo kwa simu.

Anayefikiri hizo ni hadithi za mbali akumbuke yaliyotokea kwa nchi yetu yenyewe. Majina yote yanayoishia na .cd, ya serikali, ya vyuo vikuu na ya makampuni, yanategemea seva chache ambazo kazi yake ni kujibu swali moja: saiti hii iko wapi? Seva moja kati ya hizo ilikuwa imewekwa chini ya jina scpt-network.com, lenye kifupi cha shirika la serikali la posta na simu. Mwishoni mwa mwaka 2020 jina hilo liliachwa likaisha muda wake. Mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth, aliona limeachiliwa, akalinunua mwenyewe ili lisiangukie mikono ya wabaya. Alieleza kwamba mwenye jina hilo angeweza kuingilia karibu nusu ya maswali yote ya .cd: kuwapeleka watu kwenye saiti za uongo na kunasa mawasiliano yao. Alitoa taarifa, na mapema Januari 2021 seva hiyo ilihamishiwa scpt-network.net.

Nchi nzima iliokolewa na mgeni mwema, kwa jambo ambalo lingezuiwa kwa fakture ya dola chache. Kama mlango wa taifa uliweza kusahauliwa hivyo, chama cha watu saba chenye kompyuta mbili Kisangani kinapaswa kujiuliza mara mbili.

Mali nao wamewapa dunia somo lingine. Jeshi la Marekani linatumia barua pepe zinazoishia na .mil, saiti za Mali zinaishia na.ml. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba kwa miaka mingi watu walikuwa wakisahau herufi moja, na ujumbe wa jeshi ukaenda Mali. Mholanzi aliyekuwa akisimamia .ml alikusanya zaidi ya 100,000 kwa miezi michache tu. Kama wanajeshi wenye kompyuta nzuri wanakosea herufi moja, hakuna sababu ya kumlaumu mtu wa Lubunga anayeendelea kutumia anwani iliyochapwa kwenye jetoni yake.

Nchi yetu iliwahi pia kuhama kwa namna iliyo bora. Zaire ilikuwa na .zr. Mwaka 1997 nchi ilirudi kwenye jina la Kongo, na .cd ikafunguliwa mwaka huohuo. Lakini .zr haikung'olewa siku hiyohiyo. Iliondolewa mwaka 2001. Jina la zamani na jipya yalikaa pamoja miaka minne. Wakaaji wa mji ambao wazee wao waliuita Stanleyville, na ambao mpaka leo una watu wanaouita Boyoma, wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Jina jipya linaandikwa kwa amri ya siku moja, ila linachukua muda kuingia mdomoni mwa watu.

Wapo watakaosema kwamba waliokimbia makwao hawaandiki barua pepe, wanapiga simu. Ni kweli kwa wengi. Lakini kama ni hivyo, kwa nini anwani inachapwa kwenye kila jetoni na kila kibao? Ikiwa imeandikwa, lazima ifanye kazi. Tena yule mmoja anayeandika huwa anasema kwa niaba ya familia ishirini. Wengine watasema hakuna pesa. Dola 15 kwa mwaka si mzigo mkubwa kwa shirika. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukumbuka, kwa sababu jina liliandikishwa kwa barua pepe ya mfanyakazi ambaye sasa yuko Kinshasa au Kampala, au lilikuwa la mfadhili.

Hilo la mfadhili lifikiriwe sana. Mwanzoni mwa Februari 2025 saiti ya USAID, aliyekuwa mfadhili mkubwa wa misaada ya kibinadamu Kongo, ilizimwa, na viungo vingi vilivyokuwa ndani ya ripoti za mashirika vikaacha kufunguka. Shirika ambalo anwani yake inakaa ndani ya nyumba ya mwingine linaondoka siku mwenye nyumba anapoondoka. Radio ya mtaa au ASBL ya Tshopo inapaswa kuwa na jina lake yenyewe, lililoandikishwa kwa jina la shirika, na tarehe ya kulipa ikijulikana na watu wawili angalau, mmoja wao akiwa mtunza feza.

Siku ya kuhama ikifika, hatua hazihitaji ujuzi mkubwa. Jina la zamani lisifungwe. Saiti ya zamani ielekezwe kwenye mpya, ukurasa kwa ukurasa, ili anayefungua kiungo cha miaka iliyopita afike panapostahili. Barua pepe za zamani ziendelee kupokelewa na kupelekwa kwenye sanduku jipya, na anayeandika huko apate jibu linalomwambia anwani mpya kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Ukurasa wa Facebook, konti ya benki, simu na kila kitu kilichofunguliwa kwa barua pepe ya zamani kibadilishwe kabla ya kutangaza. Na kodi ya jina la zamani iendelee kulipwa. Mwaka mmoja hautoshi kwa shirika linalofanya kazi na waliokimbia. Miaka mitano ni kiasi cha heshima, na kwa anwani iliyopokea malalamiko ya unyanyasaji ni afadhali isiachwe kabisa.

Halafu watu waambiwe kwa njia wanayoitumia. Kumtumia barua pepe mtu ili kumjulisha kwamba barua pepe imebadilika kunawafikia wale tu wasio na shida. Tangazo lipite kwenye radio, asubuhi na jioni, kwa majuma kadhaa, likisomwa polepole herufi kwa herufi. Vibao vya kambi viandikwe upya. Maprezidenti wa kambi na wawakilishi wa akina mama wapewe karatasi mpya na kuelezwa ana kwa ana, ili habari ipite hata kwa vijana wa toleka wanaozunguka mji mzima.

Serikali ya jimbo na mashirika yanayokutana kila mara kupanga misaada wanaweza kuongeza swali moja kwenye mikutano yao: anwani iliyo kwenye karatasi mlizogawa mwaka jana, je, bado inajibu, na nani anaisoma? Shirika lisiloweza kujibu lipewe juma moja la kwenda kuangalia.

Na familia zenye karatasi hizo zishike jambo moja. Ujumbe wowote unaotoka kwenye anwani mpya na kuomba pesa ili jina liandikwe, usijibiwe, hata kama una jina na alama ya shirika linalojulikana. Apelekewe kwanza prezidenti wa kambi, au mtu aende mwenyewe ofisini kuuliza. Misaada ya kibinadamu haiuzwi, wala kwa anwani ya zamani, wala kwa mpya.