Muziki wa Giza Si Ushetani

Wapo walimu wenzangu hapa Mikinduri ambao, wakiusikia muziki wa ambienti ya giza, usio na maneno wala mdundo, huuita kelele au hata ushetani. Mimi siafikiani nao. Muziki huu ni mvumo mzito unaobadilika polepole, mfano wa ukungu ushukao kutoka Nyambene: haukuamrishi ucheze, wakutaka utege sikio.

Wala si mgeni kwetu. Mkenya Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa jina hilohilo, alitoa albamu ya ambienti, Peel, mwaka 2020. Mwaka 2022, katika Temporary Stored, alitumia sauti za Kiafrika zilizorekodiwa zamani na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Giza la kazi hiyo lina sababu: sauti zetu zimewekwa ughaibuni, nasi hatuzijui.

Basi tuwafunze wanafunzi kusikiliza pasipo maneno, na kurekodi sauti za kwao: mvua juu ya mabati, makelele ya soko, nyimbo za wazee. Kimya kingi kina mshindo mkuu; asiyefunzwa kusikiliza atautambuaje?