Masaa 15 Angani Si Safari Nzima

Wiki iliyopita kwa kikao cha matanga hapa Jericho, mzee mmoja aliuliza swali na watu wakatikisa vichwa kukubali: "Huyo kijana wa Marekani hafiki kwa nini? Si siku hizi kuna ndege ya moja kwa moja?" Shosho alikuwa azikwe Ijumaa, ushago. Binamu yangu yuko Dallas. Kufika jioni, grupu ya familia ilikuwa imeshamhukumu: ati amebadilika, ametusahau.

Mimi nasema tumemwonea. Na tunawaonea wengi.

Ndege iko, ni kweli. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka JKIA hadi JFK, New York, tarehe 28 Oktoba 2018. Ni kama kilomita 11,800. Kwenda ni masaa 15 hivi, kurudi 14, kwa sababu upepo wa huko juu unavuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Hiyo ndiyo hesabu tunaona kwa simu, tunaibeba hivyo hivyo mpaka kwa kamati ya mazishi.

Hebu tuhesabu vizuri. Dallas si New York. Kutoka Dallas hadi JFK ni zaidi ya masaa matatu angani, kisha unangoja. Na kuna misimu ndege hiyo ya Nairobi hairuki kila siku. Akipitia Doha, ni masaa 14 na zaidi mpaka hapo, halafu mengine kama matano hadi Nairobi, bado hujaweka ya kungoja katikati. Sisi tuko mbele ya Dallas kwa masaa 8 au 9. Akitoka kwake Jumatano jioni, anatua usiku wa kuamkia Ijumaa, na barabara ya ushago hajaigusa.

Hapo ni kama pesa ya tiketi ya ghafla ipo. Na karatasi je? Mtu ambaye ombi lake la green card bado linashughulikiwa, akitoka Marekani bila ruhusa ya kusafiri, mara nyingi huhesabiwa ameliacha ombi. Masaa 15 yanageuka miaka.

Binamu alinipigia saa tisa usiku. Hakuongea mengi. Aliniomba tu nimshikie simu pale kaburini.

Najua wapo wanaojificha nyuma ya umbali. Najua pia mochari inalipisha kwa siku. Lakini kabla kamati haijaweka tarehe, mtu ampigie amuulize: kutoka mlango wako hadi hapa, unaweza kufika lini? Akiweza, tusogeze siku mbili. Asipoweza, tumpe nafasi kwa programu aongee kwa simu, na tuache kumsema.

Kwenu mlingoja ama mlizika? Niambieni.