Sokwe wa Ngamba Hawakulaaniwa: Tusiwafundishe Watoto Nusu ya Somo



Himdi zote anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wazazi, likizo iliyopita tuliwapeleka wanafunzi wa madrasa kisiwani Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe hapa Uganda. Tangu mwaka 1998 kisiwa hicho ni makao ya sokwe waliookolewa. Wako karibu 50, na mchana wanatembea huru katika msitu wa karibu ekari 100. Wageni hawaingii msituni. Wanasimama kwenye jukwaa, nyuma ya ua wa umeme, wakingoja saa ya chakula ambapo walezi huwarushia sokwe matunda na mboga.

Sokwe walipotokea, mtoto wa miaka tisa akanivuta kanzu: "Ustadh, hawa ndio wale waliovunja Sabato?" Wenzake wakacheka, na mmoja akaokota jiwe. Nilimzuia mkono, lakini aibu ilikuwa yangu. Kisa cha watu wa Sabato, kilichomo katika Suratul Baqara na Suratul A'raf, nilikuwa nimekisomesha mimi mwenyewe. Nilieleza jinsi walivyoasi wakageuzwa manyani, kisha muda ukaisha, nikafunga kitabu.

Sikuwapa watoto nusu ya pili. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa jambo hili hili. Alijibu kwamba watu waliogeuzwa hawakuachiwa kizazi, na kwamba manyani na nguruwe walikuwepo kabla ya hapo. Kwa hiyo sokwe tunayemuona leo hana laana ya mtu yeyote. Ni umma miongoni mwa umma alizoziumba Allah, kama tunavyofahamishwa katika Suratul An'am, aya ya 38.

Basi hawa wa Ngamba ni nani? Wengi ni mayatima. Mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne au mitano, na mama yake hamwachi. Anayetaka kumkamata mtoto akamuuze, kwa kawaida humuua mama kwanza. Wengine mama zao waliwindwa kwa ajili ya nyama. Watoto hao wakikamatwa mikononi mwa wafanyabiashara, huletwa mahali kama Ngamba wakalelewa kwa maziwa ya chupa. Kuwarudisha porini si jambo jepesi, kwani hawakufunzwa na mama zao kutafuta chakula, na makundi ya sokwe wa porini huwashambulia wageni.

Hapo nikawasimulia watoto hadithi iliyomo katika Sunan Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakachukua makinda mawili ya ndege. Mama yake akaja akitandaza mbawa zake. Mtume (S.A.W.) alipomuona aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Yule kijana alilitupa jiwe lake chini bila kuambiwa.

Najua wapo watakaosema, "Ustadh, mayatima wa watu wanatushinda, itakuwa sokwe?" Nasema huruma si gunia la unga, kwamba ukimchotea huyu litampungukia yule. Mtume aliyetuusia mayatima ndiye huyo huyo aliyesikitikia ndege. Na mtoto aliyezoea kumpiga mawe kiumbe asiyeweza kujitetea, kesho atamfanyia hivyo mwenzake aliye dhaifu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Walimu wenzangu, tukisomesha kisa cha Sabato tusifunge kitabu kabla ya kutaja hadithi ile ya Muslim. Wazazi, msimnunulie mtoto tumbili wala sokwe mchanga hata akilia, kwani fedha yenu ndiyo itakayomtuma mwindaji kwa mama mwengine. Na sote tuache kuwatukana watu kwa jina la nyani. Tusi hilo linamdhalilisha mwanadamu, na linamfanya Muumba aonekane amekosea katika kuumba kwake.

Allah atujaalie tuwe wenye kurehemu ili nasi turehemewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.