Kuingia kitivo cha sheria: anayekataliwa aambiwe sababu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakishatoka, vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi huanza kutafuta nafasi katika kitivo cha sheria. Diploma peke yake haitoshi kila mahali. Kuna vyuo vikuu vinavyodai pia mtihani wa kuingia, na mzazi hulipa pesa za fomu kabla mtoto hajashika kalamu.

Kuchuja si kosa. Mwanasheria dhaifu ni hatari kwa mfungwa asiye na hatia na kwa mjane anayenyang'anywa shamba. Kosa ni ukimya. Orodha inabandikwa ubaoni, jina halipo, basi. Nafasi zilikuwa ngapi? Alama ya chini ilikuwa ipi? Hakuna anayejibu. Ndipo minong'ono inapoanza: fulani ana mjomba ndani, fulani alitoa rushwa.

Kifungu cha 21 cha Katiba ya 2006 kinataka kila hukumu iandikwe, itolewe sababu na isomwe hadharani, na kila mtu awe na haki ya kukata rufaa. Mtihani si hukumu ya korti. Lakini kitivo kinachofundisha kifungu hicho kikitumie pia mlangoni mwake: kitangaze idadi ya nafasi, kibandike alama za wote, kitoe siku chache za kuomba karatasi isahihishwe upya.

Hapo aliyeshindwa atarudi nyumbani akijua alikosea wapi, na aliyefaulu ataingia darasani bila kunyooshewa kidole.