Ufa Hauzibwi kwa Insha

Kwa muda wa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi wa shule za upili, na sidhani kwamba kuna methali iliyopita chini ya kalamu yangu nyekundu mara nyingi kuliko ile isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Wanafunzi waipenda mno. Wamekwisha kuitungia visa vya kila aina: mtoto aliyeiba kalamu akaishia kuwa jambazi sugu, mzazi aliyemdekeza mwanawe hadi akamharibu, binti aliyewadharau walimu akaja kujuta majuto yasiyomfaa. Lakini sikumbuki hata insha moja iliyowahi kuzungumzia ukuta wenyewe, ule wa mawe na saruji, wala ufa wenyewe unaopenya ndani yake.

Nami sikulijali jambo hilo hadi masika ya mwaka mmoja nilipokuwa nikifundisha katika shule fulani ya pwani. Darasa la kidato cha pili lilikuwa na ufa mwembamba ulioanzia pembeni mwa dirisha ukapanda hadi kwenye mtambaapanya. Sote tuliuona. Mwanafunzi mmoja mtundu alizoea kuupima kwa rula yake. Mwezi wa Januari rula haikuingia, mwezi wa Machi ikaingia. Siku moja niliiandika methali hiyo ubaoni, nikawapa wanafunzi dakika 40 waitungie insha, kisha nikatembea baina ya madawati huku ufa ukinitazama, nisione kinaya chochote. Majuma machache baadaye, usiku wa mvua kubwa, ukuta ule ulianguka. Uliangukia ndani, juu ya safu mbili za madawati. Kwa kuwa ulikuwa usiku, hapana aliyeumia. Laiti ingalikuwa saa nne asubuhi, nisingaliandika makala haya kwa utulivu nilio nao leo.

Fundi aliyeitwa kuujenga upya alituonyesha chanzo kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kunywa chai. Mfereji wa paa ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake. Maji ya paa zima, badala ya kwenda kwenye tangi, yalikuwa yakimwagika mahali pamoja, mvua baada ya mvua, mwaka baada ya mwaka. Yakala udongo chini ya msingi, pembe ya nyumba ikatitia, na ukuta ukapasuka. Kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa ngazi, misumari miwili na kipande cha waya. Tuliponunua mawe, mchanga, saruji, madirisha mapya na madawati ya safu mbili, ndipo nilipoielewa methali niliyokuwa nikiifundisha.

Nayasimulia haya si kwa kuwalaumu wenzangu tuliofundisha pamoja, maana lawama ni yangu kama ilivyo yao. Nayasimulia kwa sababu naamini kwamba kasoro ile haikuwa ya shule moja. Ni kasoro ya taifa zima lililojua kujenga na kusahau kutunza. Tena nathubutu kusema kwamba tatizo letu la kwanza si uhaba wa fedha, bali ni kuisahau kalenda.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na kalenda hiyo, wala haikutundikwa ukutani. Ilikuwa katika upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, jua likiwa kali na mbingu zikiwa kavu, huo ulikuwa wakati wa paa. Makuti yaliyooza yaliezuliwa, makuti mapya ya viungo yakaezekwa, na fito zilizolegea zikafungwa upya. Aliyengoja hadi kusi iingie na masika yaanze kumwagika alicheka na wenziwe kwa aibu, huku amejikunyata chini ya paa linalovuja. Masika yenyewe hayakuwa wakati wa kazi, bali wakati wa kutazama: maji yaingilia wapi, yatuama wapi, ukuta gani umelowa. Kipupwe kilipokuja, baina ya Juni na Agosti, mvua ikiwa imepungua na kuta zimeanza kukauka, ndipo mafundi walipotomea nyufa na kupaka chokaa. Na kabla ya vuli, mnamo Septemba, michirizi ilizibuliwa na matawi yaliyoinamia paa yakakatwa.

Faida ya utaratibu huo twaweza kuiona kwa macho. Nyumba nyingi za mji wa kale wa Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya turathi za ulimwengu ya UNESCO mwaka wa 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na miongoni mwazo zimo zilizosimama kwa zaidi ya miaka 200. Kisha nenda Gedi, karibu na Malindi, mahali palipoingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka wa 2024. Utaona matumbawe yale yale na chokaa ile ile, lakini mapaa hayapo, na mizizi ya miti imejipenyeza katika kuta za msikiti na za jumba la kifalme. Mawe hayana tofauti. Tofauti ni kwamba Lamu palikuwa na mtu aliyerudi kila mwaka na ndoo yake ya chokaa, na Gedi watu walihama. Wanafunzi wanaosoma Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuporomoka kwa fahari ya Pate, huambiwa kwamba magofu yale ni mawaidha kuhusu dunia na ubatili wake. Ni kweli. Lakini magofu ni mawaidha kuhusu paa pia.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya makuti na chokaa yatuhusu nini sisi tunaoishi katika nyumba za mabati na saruji? Yatuhusu sana. Bati lapanuka kwa jua la mchana na kunywea kwa baridi ya usiku, na kila mara lifanyapo hivyo msumari hulegea kidogo. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukauka, ukapasuka, na maji yakapata mlango. Nayo saruji, tuliyoifanya dawa ya kila ugonjwa, si dawa ya kila ukuta. Fundi anayepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa kale wa matumbawe huufungia unyevu ndani, kwa kuwa saruji haipitishi mvuke kama chokaa ipitishavyo. Baada ya misimu michache lipu hufura na kubanduka, ikaondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba hudhani kwamba ukuta ni mbovu, kumbe aliyeuharibu ni tabibu wake.

Hata wadudu wana kalenda yao. Mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi huruka kwa maelfu, hupukutisha mbawa, na wawili wawili hutafuta mahali pa kuanzisha kichuguu kipya. Watoto hufurahi, na kwingine watu huwakaanga wakawala. Lakini mbawa zikionekana zimelundikana ndani ya nyumba, chini ya dirisha lililofungwa, yafaa mwenye nyumba achunguze kenchi na miimo ya milango yake, kwani yamkini mchwa hawako mbali. Mwalimu wa sayansi angeweza kufundisha somo zima kwa kuwapeleka wanafunzi nje wazitafute njia za udongo ambazo mchwa huzijenga ukutani.

Sasa na tutazame namna shule zetu zinavyokwenda na misimu. Ada yetu ni kungoja likizo ndipo tukarabati, ili mafundi wasiwasumbue wanafunzi. Ni ada njema. Lakini likizo ya Aprili huja wakati masika yamekwisha kuingia katika sehemu kubwa ya nchi. Kuezua paa mwezi wa Aprili ni sawa na kuivua nguo kwenye mvua ili kuishona. Kwa shule za pwani, za Ukambani na za maeneo mengi ya kati, likizo ya Agosti ndiyo inayofaa kwa kazi ya paa, kwa maana ni kipindi chenye mvua haba, na hubakia muda kabla ya vuli. Lakini kwa ndugu zetu wa magharibi na wa sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Agosti ni mwezi wa mvua. Wao yawapasa waingoje likizo ya mwisho wa mwaka, hadi Januari. Waraka mmoja utokao Nairobi hauwezi kuzipangia shule zote siku moja ya kupanda paani. Kila bodi ya usimamizi haina budi kuisoma mbingu yake.

Kuna walionijibu kwamba mvua za siku hizi hazisomeki tena. Mwaka wa 2024, wanasema, muhula wa pili uliokuwa uanze tarehe 29 Aprili uliahirishwa kwa juma moja, kisha ukaahirishwa tena, hata wanafunzi wakarejea tarehe 13 Mei, kwa ajili ya mafuriko. Mfereji wa paa ungalifanya nini mbele ya mto uliovunja kingo zake? Nakubali kwamba haungalifanya kitu. Mafuriko ya namna ile yahitaji mipango ya serikali, na pengine yahitaji shule nyingine zihamishwe kutoka bondeni. Lakini tusiitumie gharika kuuficha uzembe. Ukuta wetu wa kidato cha pili haukuangushwa na gharika. Uliangushwa na mvua za kawaida zilizoachwa zifanye kazi yake bila kusumbuliwa. Tena kama mvua zimekuwa hazitabiriki, basi hiyo ni sababu ya kujiandaa mapema, wala si sababu ya kukaa.

Hoja ya pili ni fedha, na hiyo siipuuzi. Tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa mwaka wa 2003, pesa zinazotumwa shuleni zimekuwa na fungu la ukarabati. Kila mwalimu mkuu ajua jinsi fungu hilo lilivyo dogo na jinsi linavyochelewa, na ajua jinsi linavyovutwa huku na huku na mahitaji mengine yanayopiga kelele zaidi. Ufa haupigi kelele. Hata hivyo kuzibua mfereji hakungoji hundi, wala kukata tawi hakuhitaji zabuni. Kazi nyingi za msimu zataka ngazi, jembe, panga, na mtu aliyekubali kwamba ni wajibu wake. Zile zinazohitaji fedha zahitaji fedha kidogo zikifanywa leo, na fedha nyingi zikingojewa.

Sababu iliyo ya ndani zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba ukarabati hauna sherehe. Darasa jipya likijengwa, mgeni wa heshima huja, utepe ukakatwa, ngoma zikachezwa, na jina la mfadhili likaandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Sijapata kuona mheshimiwa yeyote akikata utepe kwa sababu ya mfereji uliozibuliwa. Sijapata kuona bamba lisemalo kwamba paa hili lilikaguliwa kila Agosti kwa miaka kumi. Ndiyo maana majina yaliyo ukutani huwa bado yanasomeka ilhali ukuta wenyewe umeinama. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi twasifia mlango, tukaondoka kabla ya kuingia.

Basi napendekeza jambo moja dogo kwa walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Kila shule na iwe na daftari la majengo, daftari la kawaida la kurasa 96. Kila jengo lipewe kurasa zake. Kabla ya masika na kabla ya vuli, wanafunzi wawili kutoka kila darasa, wakiwa na mwalimu, wazunguke majengo yote, vyoo na matangi yakiwemo, waandike wanachokiona: ufa umeanzia wapi, una urefu gani, ni bati gani limeota kutu, ni mfereji gani umeziba. Ufa uwekewe alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, ili ukirefuka ijulikane. Watakapoanza kuvuja masika, waandike tena. Daftari hilo liwekwe mbele ya bodi kila muhula. Ni vigumu kwa mwenyekiti kusema kwamba hakujua, ilhali mtoto wa shule ameandika kwa mkono wake kwamba ufa umeongezeka kwa upana wa vidole viwili. Asipande mwanafunzi paani, wala asiguse nyaya za umeme. Hizo ni kazi za mafundi. Kazi ya mwanafunzi ni kutazama na kusema.

Tena watakaporudi makwao, watazame huko pia. Ni nyumba ngapi vijijini ambamo nyanya peke yake ndiye anayejua ni wapi ndoo iwekwe mvua inyeshapo? Kijana aliyefunzwa kuusoma ukuta wa shule hatashindwa kuukandika ukuta wa nyanya yake kabla ya mawingu kukusanyika.

Nami tangu mwaka ule nimeendelea kuwapa wanafunzi insha ya methali ile. Lakini kabla ya kuiandika ubaoni, huwatoa nje ya darasa, tukalizunguka jengo mara moja, na kila mmoja akaambiwa anionyeshe ufa. Wengi hushangaa kwamba upo. Insha zao zimekuwa fupi kuliko za zamani, na majambazi wamepungua ndani yake. Juzi mmoja wao aliandika kwamba ufa wa darasa lake una urefu wa rula mbili na nusu, akauliza katika sentensi yake ya mwisho ni lini utazibwa. Nilimpa alama zake, kisha nikalichukua daftari lake nikalipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu.