Ugali haurudi kuwa unga: Bachata Rosa na faili za FLAC

Leo naomba tuache programu kando kidogo tuongee muziki. Usikimbie, mwisho wa yote tutarudi kwenye kompyuta kama kawaida yetu!

Zamani nilikuwa na CD ya Bachata Rosa, albamu ya Juan Luis Guerra na kundi lake la 4.40. Diski yangu ilikuwa ndogo, kwa hivyo nikaibana kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Kisha, kwa ujanja wangu wote, nikaigawa ile CD. Kwani si nakala ninayo? Miaka ikapita, nikanunua spika nzuri, nikabonyeza kitufe... na hapo ndipo nilipojua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Kwa wasioijua: bachata ni muziki wa gitaa kutoka Jamhuri ya Dominika. José Manuel Calderón alirekodi nyimbo za kwanza mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya dikteta Trujillo kuuawa. Kwa miongo kadhaa wenye nacho waliudharau, wakauita muziki wa baa na wa watu wa vijijini. Ndipo mwaka 1990 akaja Guerra, kijana aliyesomea muziki kule Berklee, Boston, akatoa albamu inayochanganya bachata na merengue kwa mashairi laini. Mwaka 1992 ikashinda tuzo ya Grammy, na bachata ikaanza kukaribishwa sebuleni. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza muziki huo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Na kama gitaa zake zinakukumbusha Kongo, hujakosea sana. Wimbo wake El costo de la vida wa mwaka 1992 umejengwa juu ya wimbo wa Mkongo Diblo Dibala.

Sasa turudi kwenye tarakimu. CD hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha: biti 1,411,200 kila sekunde. MP3 yangu ilikuwa na biti 128,000. Yaani karibu sehemu kumi kati ya kumi na moja zilienda wapi? Nyingine zimebanwa kwa hesabu, lakini nyingine zimetupwa kabisa, kwa imani kwamba sikio halitazihitaji.

Kinachoumia kwanza ni güira, ile silinda ya chuma yenye vipele inayokwaruzwa kwa kichana cha chuma. Sauti yake ni kali, ya juu na ya ghafla, na MP3 ya kiwango cha chini hushindwa hapo hapo. Badala ya mkwaruzo safi unapata kitu kama maji yanayochemka kwenye sufuria.

FLAC ni tofauti. Hiyo hubana kama zip: ukifungua, kila biti inarudi mahali pake. Josh Coalson alitoa toleo la kwanza kamili mwaka 2001, bure na huria. Albamu ya dakika 40 ikiwa haijabanwa ni takriban megabaiti 420. Kwa FLAC mara nyingi hubaki nusu hadi theluthi mbili ya hizo. Tena kinachonifurahisha mimi kama mwandika programu, faili huweza kubeba alama ya MD5 ya sauti yenyewe. Andika flac -t na utajua kama kuna kitu kimeharibika.

Lakini tusidanganyane. MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa vizuri, wengi wetu hatuwezi kuitofautisha na CD. Usiniamini mimi: mwambie rafiki akupigie zote mbili bila kukuonyesha ipi ni ipi. Na ukisikiliza kwa Bluetooth, mara nyingi sauti hubanwa upya njiani kabla ya kufika sikioni. Wauzaji wa nyaya za bei mbaya watakwambia mengine, lakini mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa hivyo hoja yangu haihusu sikio, inahusu hifadhi. Kutoka FLAC unaweza kutengeneza MP3, AAC, Opus au chochote kitakachobuniwa kesho. Kutoka MP3 unaweza kutengeneza nakala mbovu zaidi tu. Hata ukiibadilisha iwe FLAC, unapata faili kubwa yenye mapengo yale yale. Ugali haurudi kuwa unga! Sisi waandika programu hatuwezi kufuta msimbo asilia tukabaki na programu iliyokwisha kutafsiriwa. Mbona muziki tunaufanyia hivyo?

Muziki uliodharauliwa ndio unaohitaji hifadhi kuliko wote, maana waliokuwa na uwezo wa kuutunza hawakuona sababu. Nenda kwenye kabati la mzee wako. Zile CD za rumba, taarabu na benga, zinakili kwa FLAC wikendi hii, weka nakala mbili sehemu mbili. Kwenye simu weka MP3 ukipenda, sitakulaumu.

Ila CD usiigawe. Hilo nimekulipia karo mimi.