Ukoo Bila Daftari

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami, kwa ruhusa ya Bwana Mhariri, napenda kuongeza kwamba si mali tu. Watu nao hupotea vivyo hivyo. Maoni yangu ni haya: kila mwanafunzi wa shule hii aandike ukoo wake, upande wa baba na upande wa mama, na aanze likizo hii, asingoje nyingine. Kwa nini nasema likizo hii, nitaeleza.

Nyumbani kwetu ilisemekana kwamba baba yake bibi mzaa mama alikuwa karani huko Tanga. Sisi watoto tulijivunia sana jambo hilo. Mwaka jana, tulipokuwa tukihamisha sanduku la bibi, tulikuta ndani yake kipande cha kazi, yaani ile kadi ambayo kibarua wa shamba la mkonge alitiliwa alama kila siku aliyofanya kazi, mpaka zitimie siku thelathini. Kumbe mzee hakuwa karani. Alikuwa manamba, mkata mkonge. Mahali pa tarehe palikwisha kuliwa na mchwa, lakini bibi alikumbuka kwamba baba yake alikwenda kwa miguu akarudi kwa gari moshi. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Basi alirudi mwaka huo au baadaye. Karatasi ilitupa kazi yake, na kinywa cha bibi kikatupa wakati.

Tena kadi ile ilikuwa na jina la Shija, ambalo sisi wajukuu hatukulijua, maana tulizoea kumtaja kwa jina la ubatizo. Kwa Wasukuma, pacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Kwa hiyo walikuwapo pacha mbele yake. Nilimwuliza bibi walikwenda wapi. Akanijibu, "Mjukuu wangu, habari hiyo ni ndefu. Njoo na daftari lako likizo ijayo." Nikarudi shuleni. Bibi alifariki katikati ya muhula, na nilipofika nyumbani na daftari langu hapakuwa na wa kuulizwa.

Wako watakaosema kwamba kuandika koo ni desturi ya Wazungu wenye vyeo. Sivyo. Alexander Mackay, fundi na mmisionari Mskoti aliyefariki Usambiro, kusini mwa ziwa letu, mwaka 1890, alikuwa mtoto wa mchungaji wa kanisa, na si ajabu ukoo wake kujulikana. Lakini huko kwao Uskoti hata mchimba makaa na mfuma nguo hawakuachwa. Tangu tarehe 1 Januari 1855 sheria ilitaka kila kizazi, kila ndoa na kila kifo kiandikwe kwa msajili. Katika habari za kifo iliandikwa kazi ya marehemu, jina la baba yake, na jina la mama yake pamoja na ukoo aliotoka kabla ya kuolewa. Tena, tangu mwaka 1841, watu walihesabiwa nyumba kwa nyumba kila miaka kumi katika karne ile, majina yao yakaandikwa. Hivyo leo kitukuu wa kibarua wa kule aweza kufuata nyayo za wazee wake, cheti baada ya cheti, akajua walikaa wapi na walifanya kazi gani.

Sisi hatukurithi hazina kama hiyo. Utawala wa kikoloni ulipomwandika Mwafrika, mara nyingi ulimwandika kwa ajili ya kodi au kazi, si kwa kuwa amezaliwa. Hata hivyo hatukosi kitu. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1883, na vitabu vya ubatizo vya parokia hutaja mtoto, baba, mama na msimamizi. Ziko stakabadhi za kodi, ziko karatasi za vyama vya ushirika vya pamba, na viko vipande. Vingi vimo masandukuni vikingoja mchwa.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya kale tu. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, ilikuwapo orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Ya daraja la tatu haikuwapo. Ndiyo sababu ni vigumu kuthibitisha hesabu kamili ya waliokufa. Mwenye tikiti ya bei kubwa aliandikwa, na mwenye tikiti ya bei ndogo hakuandikwa. Ikiwa wengine hawatuandiki, hapana budi tujiandike wenyewe.

Najua wengine wataona haya kugundua kwamba babu alikuwa kibarua. Nyumbani kwetu mmoja alitaka kile kipande kirudishwe sandukuni, tuendelee na hadithi ya karani. Mimi nasema hivi: yule karani wa kubuni hakumlisha bibi hata siku moja, aliyemlisha ni manamba wa kweli.

Wanafunzi wenzangu, kazi yenyewe si ngumu. Mwulize mzee naye aseme kwa mpango wake, usimkate maneno. Andika jina la aliyekusimulia na tarehe. Uliza majina ya wanawake, na ya watoto waliokufa wadogo, maana hao ndio husahauliwa kwanza. Kinywa na karatasi vikipingana, andika vyote viwili, usifute hata kimoja. Nanyi wazazi wetu, tufungulieni masanduku. Walimu wetu wa Historia nao watusaidie kwa kutupa kazi hii kila likizo.

Katika daftari langu nimeandika Kulwa, na chini yake Doto. Mbele ya majina hayo nimeacha mistari miwili mitupu. Wewe ambaye bibi yako yu hai, usiache mistari kama hiyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne